Masalia ya Shamba Simiyu: Kipi Kivundikwe, Kipi Kichomwe, na Mbolea Iende Wapi

Kuanzia Julai hadi katikati ya Septemba, moshi hupanda mashambani toka Bariadi hadi Itilima, Maswa na Meatu. Pamba imeshavunwa na kuuzwa. Miti yake inang'olewa, inarundikwa, inatiwa kiberiti. Mkulima hafanyi hivyo kwa uvivu wala ujinga: kanuni za zao la pamba zinamtaka ang'oe na kuchoma masalia kabla ya tarehe 15 Septemba, ili funza mwekundu asipate pa kujificha akisubiri msimu mpya. Lakini kila rundo linaloungua linarudisha hewani naitrojeni na salfa iliyotoka ardhini. Potasiamu na fosforasi hubaki kwenye majivu, kisha upepo wa kiangazi huyapeperusha kabla mvua haijafika.

Simiyu, mkoa uliozaliwa rasmi mwaka 2012 na ambao sasa una watu zaidi ya milioni 2, ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Ni mkoa wa ng'ombe pia, wa mpunga wa majaluba, wa dengu, choroko, mtama, mahindi na viazi vitamu. Kwa hiyo una masalia ya kila namna, tena kila mwaka. Swali linaloulizwa na mabwana shamba, vikundi vya wakulima na wauza mbolea ni moja: je, masalia hayo, pamoja na matawi yanayopogolewa kwenye miti ya nyumbani, yanaweza kuvundikwa na kuchachushwa yakawa mbolea ya kweli?

Yanaweza. Lakini jibu hilo peke yake halimsaidii mkulima, kwa sababu hayatoshi kurutubisha shamba zima, na si yote yanayofaa njia moja. Anayetaka kunufaika nayo lazima ajue kutenga: kipi kichachushwe, kipi kipikwe kwa joto, kipi kigeuzwe mkaa, na kile kidogo kitakachopatikana kipelekwe wapi.

Udongo unadai nini?

Wasukuma waliuainisha udongo wao zamani kabla ya maabara yoyote. Juu, karibu na vilima vya mawe, kuna luseni, udongo wa kichanga mwepesi kulimika. Chini yake kuna itogolo, udongo mgumu wenye tabaka linalozuia maji, ambako majaluba ya mpunga huchimbwa. Bondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunata masika; huko ndiko dengu hustawi kwa unyevu uliobaki. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa Amani kule Usambara, aliieleza dunia ya sayansi kuwa udongo wa Afrika Mashariki hupangana hivi kwa mfuatano kwenye mteremko, na dhana yake inafundishwa vyuoni hadi leo.

Mpangilio huo ndio unaoamua wapi mboji ina thamani kubwa. Mbuga hushika maji na virutubisho kwa nguvu zake yenyewe. Luseni haishiki. Mvua ikinyesha, maji huzama upesi, na mbolea ya dukani ikimwagwa kabla ya mvua kubwa huzama nayo. Kinachoweza kuibadilisha tabia hiyo ni mata ogani, yaani mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza vizuri, maana hiyo ndiyo inayoshikilia unyevu na virutubisho kwenye mchanga. Majaribio ya muda mrefu ya kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Mwanza, yaliyochapishwa mwaka 1962, yalionyesha kuwa samadi inaongeza mavuno ya pamba kwenye udongo wa kichanga, na kwamba faida yake huendelea kuonekana misimu kadhaa baada ya kuwekwa. Jambo hilo mfuko wa urea hauliwezi, kwa kuwa mazao huimaliza nguvu yake katika msimu uleule.

Hesabu inayopaswa kusemwa wazi

Tuchukue ekari moja ya pamba. Mavuno ya kawaida ya mkulima mdogo ni kama kilo 200 hadi 300. Uzito wa miti iliyokauka huwa takriban mara mbili hadi tatu ya pamba iliyochumwa, hivyo ekari yenye mavuno ya kilo 250 itaacha kilo 500 hadi 750 za miti. Ikivundikwa, karibu nusu ya uzito hupotea kwa kuliwa na vijidudu. Mkulima atabaki na kilo 250 hadi 375 za mboji kavu. Mboji ya kawaida ina naitrojeni asilimia 1 hadi 1.5. Kwa hiyo rundo lote lina kama kilo 2.5 hadi 5.6 za naitrojeni, tena sehemu yake tu ndiyo itakayotoka mwaka wa kwanza. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23.

Hesabu hii haiidharau mboji. Inawaonya wale wanaomwambia mkulima kwamba akivundika masalia yake hatahitaji tena mbolea ya dukani. Mkulima akiahidiwa hivyo, akahangaika msimu mzima, kisha mahindi yake yakawa ya njano, hatarudia, na atakuwa na haki. Mboji inapaswa kutangazwa kwa kazi inayoiweza: kuufanya udongo ushike maji, kulisha viumbe vya ardhini, kuongeza virutubisho vidogo visivyomo kwenye urea, na kuifanya mbolea ya ruzuku, ambayo serikali ilianza kuitoa upya msimu wa 2022/23 baada ya bei kupaa, isipotee bure kwenye mchanga.

Masalia yenye wenyewe

Kosa la pili la mipango mingi ni kudhani kwamba kila kilichobaki shambani hakina mwenyewe. Mabua ya mahindi na mtama ni chakula cha ng'ombe kati ya Julai na Oktoba, majani ya malisho yanapokuwa yamekwisha. Marando ya viazi na maganda ya choroko vivyo hivyo. Miti ya pamba yenyewe, penye uhaba wa kuni, ni kuni za mama anayepika ugali jioni. Ukimwambia avundike kila kitu, unamwambia akatafute kuni mbali zaidi.

Ukiondoa malisho na kuni, yapo mambo matano yanayobaki kweli. La kwanza ni miti ya pamba inayochomwa bure. La pili ni uchafu wa viwanda vya kuchambua pamba: vumbi, vipande vya vitumba na nyuzi fupi. La tatu ni pumba za mpunga zinazorundikana nyuma ya mashine za kukoboa. La nne ni samadi ya zamani mazizini, ambayo katika kaya nyingi za wafugaji ni kichuguu kilichopanda mwaka hadi mwaka. La tano ni majani na matawi ya miti ya nyumbani: mwarobaini, mjohoro, mlusina, mwembe, na uzio wa minyaa ambao hupunguzwa kila unapotanda.

Minyaa inahitaji tahadhari. Utomvu wake mweupe unaunguza ngozi na unaweza kudhuru macho vibaya. Anayeikata kwa ajili ya mboji aiache inyauke juani siku kadhaa kabla ya kuikatakata, na watoto wasipewe kazi hiyo.

Mti wa pamba: joto au mkaa

Hapa ndipo penye mgogoro kati ya afya ya zao na afya ya udongo. Funza mwekundu hulala ndani ya vitumba na mbegu zilizobaki kwenye mti. Mnyauko fusari, ugonjwa ambao Ukiriguru imepambana nao kwa miongo mingi kwa kuzalisha mbegu stahimilivu, huishi kwenye mizizi na shina. Ukipasua shina la mti ulioathirika unaona michirizi ya kahawia ndani ya mti mweupe. Masalia ya namna hiyo yakiwekwa kwenye pipa lililofunikwa yachachuke kwa joto la kawaida, huna uhakika kwamba kilichokuwamo kimekufa. Kwa hiyo uchachushaji wa baridi, unaosifiwa sana siku hizi, haufai kwa miti ya pamba. Hilo liwe wazi.

Linalofaa ni rundo la joto. Aliyeifanya njia hii ijulikane duniani alikuwa mtaalamu wa mimea. Albert Howard, Mwingereza aliyefanya kazi Indore, India, kuanzia 1924 hadi 1931, alikuwa na tatizo lilelile la Bariadi: miti migumu ya pamba isiyooza. Aliitandaza kwenye barabara za shamba ili mikokoteni ya ng'ombe iipondeponde, kisha akaichanganya na samadi, udongo wenye mkojo wa mifugo, na majivu, akawa anageuza rundo mara kwa mara. Kitabu chake cha 1931 kiliifikisha njia ya Indore kwenye mashamba ya kahawa ya Kenya katika miaka hiyohiyo ya 1930. Simiyu ina mikokoteni ya ng'ombe, ina barabara za shamba, ina samadi. Hakuna kifaa kinachohitaji kuagizwa.

Rundo la joto lina masharti yake. Kaboni iwe kama mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Miti ya pamba peke yake huvuka 60, samadi huwa karibu na 20, majani ya mlusina chini ya hapo. Ndiyo maana tabaka la miti iliyopondwa lifuatwe na tabaka la samadi na majani mabichi. Rundo liwe na kimo na upana wa mita 1 hadi 1.5, likiwa dogo joto hukimbia. Ndani ya siku chache katikati hufika nyuzi 55 hadi 65, joto ambalo likidumu siku kadhaa huua funza, mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Kwa kuwa kingo hubaki baridi, rundo lazima ligeuzwe, cha nje kiende ndani, angalau mara tatu au nne. Anayesahau kugeuza amewatunzia funza makazi.

Wapo ambao hawataweza, hasa kwa sababu ya maji, na hao wana njia nyingine ambayo haigombani na kanuni hata kidogo: kuchoma kwa shimo ili kupata mkaa. Linachimbwa shimo lenye umbo la pia, upana kama mita 1.5 juu na kina cha mita 1 kasoro. Moto mdogo huwashwa chini. Miti ikianza kuvaa utando wa jivu jeupe, tabaka jingine huwekwa juu yake. Mwali wa juu hula hewa yote, na kilichofunikwa chini huiva kuwa mkaa bila kuteketea. Shimo likijaa, huzimwa kwa maji au kwa kufukiwa udongo. Funza wamekufa, tarehe 15 Septemba imeheshimiwa, na sehemu kubwa ya kaboni imebaki mkononi mwa mkulima.

Mkaa huo usipelekwe shambani ukiwa mtupu. Ukiwa mpya hunyonya naitrojeni na kuinyima mimea. Uloweshwe kwanza kwa mkojo wa ng'ombe au uchanganywe na samadi mbichi kwa wiki mbili au zaidi. Ukishashiba, hukaa udongoni kwa miongo mingi ukishikilia unyevu na virutubisho, na kwenye luseni hiyo ni hazina.

Majani, matawi na samadi: hapa uchachushaji una nafasi yake

Kwa majani ya miti ya nyumbani, pumba na samadi, uchachushaji ni njia nzuri na ya haraka. Utaratibu unaoitwa bokashi, uliotoka Japani, umeenea katika mafunzo ya kilimo hai Afrika Mashariki. Majani na vijitawi hukatwakatwa vipande vifupi kuliko kidole. Kilicho kinene kuliko kidole gumba kitengwe kiwe kuni, kwa sababu hakitaoza msimu huu. Huchanganywa na samadi, pumba za mpunga, vumbi la mkaa, majivu kidogo na udongo wa chini ya mti mkubwa, ambao umejaa vijidudu. Hunyunyiziwa maji yaliyokorogwa hamira na molasi au sukari guru. Kisha unachota konzi na kuikamua: maji yakitiririka, umezidisha, konzi ikivunjika mara tu ukifungua mkono, umepunguza, ikishikana na kuacha kiganja kibichi bila kudondosha tone, iko sawa. Rundo hufunikwa kwa gunia au turubai, hugeuzwa kila siku wiki ya kwanza ili lisipate joto la kuunguza, na baada ya wiki mbili au tatu huwa limepoa, limekauka kiasi, na lina harufu kama ya togwa iliyochachuka. Likinuka kama yai bovu, limekosa hewa; ligeuzwe na kuongezewa pumba kavu.

Mbolea ya maji ni ndugu yake. Majani mabichi ya mlusina au mwarobaini na samadi kwenye gunia hutumbukizwa ndani ya pipa la maji na kukorogwa kila siku kwa wiki mbili hadi tatu. Kimiminika huzimuliwa kwa maji na kumwagiwa shinani mwa mboga. Pipa lisibanwe kifuniko kabisa, kwa sababu gesi hujaa. Na chochote chenye samadi mbichi kisigusane na mchicha au nyanya inayokaribia kuvunwa. Kwa mboga zinazoliwa mbichi, muda salama ni kama miezi 3 hadi 4 tangu samadi mbichi iwekwe hadi kuvuna.

Jambo moja lisemwe kwa faida ya mfuko wa mkulima. Vipo vijidudu vya chupa vinavyouzwa kuharakisha kazi hii, vikifuata mchanganyiko ulioundwa Okinawa na Profesa Teruo Higa mapema miaka ya 1980. Majaribio ya shambani ya miaka 4 nchini Uswisi, yaliyochapishwa mwaka 2010, hayakuona faida ya vijidudu hivyo vyenyewe. Kilichoongeza mavuno kilikuwa virutubisho vya malighafi iliyotumika. Mkulima wa Nyakabindi au Dutwa, huko Bariadi, hahitaji kununua chupa. Ahifadhi fedha yake kwa ajili ya turubai na reki.

Maji ndiyo kikwazo kikubwa

Masalia hupatikana kiangazi, na kuvundika kunataka unyevu wa asilimia 50 hadi 60. Tani moja ya miti ya pamba iliyokauka inahitaji karibu lita 1,000 za maji ili ifike hapo, yaani ndoo 50 za lita 20. Katika kijiji ambacho kisima kiko mbali, ndoo hizo zitabebwa na wanawake na wasichana. Mpango wowote wa mboji unaosahau jambo hili unawaongezea mzigo watu ambao tayari wameelemewa.

Ziko njia za kupunguza mzigo huo. Shimo huhifadhi unyevu kuliko rundo la juu ya ardhi. Masalia yakitandikwa zizini kwanza, ng'ombe huyakanyaga na kuyalowesha kwa mkojo usiku kucha, na yanapotolewa yana nusu ya unyevu unaotakiwa na naitrojeni ambayo ingepotea. Turubai au majani ya migomba juu ya rundo huzuia jua. Na mkulima anaweza kugawa kazi: mkaa wa miti ya pamba afanye kabla ya katikati ya Septemba, wakati kukavu, bokashi ya majani na samadi aianze Oktoba au Novemba mvua za kwanza zikishuka, iwe tayari kwa bustani na kwa mahindi yanayopandwa baadaye.

Kidogo kiende shimoni

Mboji ikishapatikana, kuimwaga shambani kote ni kuipoteza. Ekari ya mahindi iliyopandwa kwa sentimita 75 kwa 60 ina mashimo kama 9,000. Kiganja kimoja cha gramu 100 kwa kila shimo ni kilo 900. Mboji ya miti ya ekari moja ya pamba itatosha karibu theluthi ya ekari. Ikiongezwa samadi ya zizi, ekari nzima inafikiwa. Kwa hiyo kanuni ni shimo kwa shimo, na mwaka huu kipande hiki, mwakani kile. Kwa kuwa faida hudumu misimu kadhaa, kipande cha kwanza hakitakuwa kimesahau. Vitangulizwe vipande vya luseni, kisha bustani ya mboga na vitalu vya miche. Mbuga ingoje.

Mboji na mfuko visigombanishwe. Kiasi kidogo cha mbolea ya viwandani juu ya mboji hutumika vizuri kuliko kingi juu ya mchanga mtupu. Tanzania pia ina fosfeti yake ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, inayoweza kuchanganywa kwenye rundo tangu mwanzo ili asidi za uozo zisaidie kuifungua fosforasi iliyomo.

Kwa wakulima wa pamba hai, hili si suala la hiari. Mwamishali, wilayani Meatu, mradi wa bioRe umekuwa ukinunua pamba hai tangu 1994, na mkulima wa aina hiyo haruhusiwi mbolea wala dawa za viwandani. Anaishi kwa samadi, mboji na mzunguko wa mazao. Elimu ambayo wakulima hao wameipata kwa miaka 30 iko ndani ya mkoa, na jirani zao wa pamba ya kawaida wangefaidika nayo.

Nani afanye nini

Usukuma una kumbukumbu chungu ya udongo kutunzwa kwa amri. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma uliotoka kwa serikali ya kikoloni baada ya Vita Kuu ya Pili, makao yake Malya, ulikuja na masharti mengi ya matuta, samadi na kupunguza mifugo. Baadhi ya ushauri ule ulikuwa sahihi kitaalamu, lakini ulikuja na faini, na watu waliukataa pamoja na waliouleta. Mboji ikigeuzwa sheria ndogo ya kijiji, mwisho wake utakuwa uleule.

Kinachohitajika ni vitu vinne. Bodi ya Pamba na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) cha Ukiriguru zipime, kwenye mashamba ya wakulima, kama rundo la joto lililosimamiwa vizuri linaua funza na fusari sawasawa na moto, kisha zitamke bayana kinachoruhusiwa. Leo mkulima anaogopa kuvundika kwa sababu amesikia neno moja tu, choma. Viwanda vya kuchambua pamba vivundike uchafu wao pale ulipo, kwa sababu tayari umekusanywa na gharama ya kuubeba imekwisha lipwa. Halmashauri ziweke mashine moja ya kukatakata matawi kwa kila kata, maana kazi inayowakatisha watu tamaa ni panga. Na viwanja vya Nyakabindi, vilivyopokea Nanenane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, viwe na mashimo na marundo yanayofanya kazi mwaka mzima, mkulima ayaone yakivunda badala ya kupewa kipeperushi.

Anayetaka kuuza atakutana na Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 na mamlaka yake, TFRA, inayosajili mbolea kabla haijaingia sokoni. Hilo ni jema, linamlinda mnunuzi. Anayetengeneza kwa shamba lake anaweza kuanza bila kusubiri usajili huo. Na anayepaswa kuanza kwanza ni kaya yenye zizi na luseni pamoja: ina samadi, ina mkokoteni, na udongo wake ndio wenye njaa kuliko wote. Kipande kimoja cha robo ekari, kikitiwa mboji shimo kwa shimo na kulinganishwa na kipande cha jirani yake katika msimu wenye mvua haba, kitawashawishi wanakijiji kuliko semina yoyote.